Kati ya Nyundo na Fuawe: Judas Priest na Mwaka 1990

Wahenga walisema kwamba ngoma ivumayo haidumu. Neno hili limezoea kutumika katika kuwaonya wenye majivuno, lakini yafaa pia kulirudisha mahali lilipotoka, yaani kwenye ngoma yenyewe. Muziki wenye kishindo huanzishwa na vijana, hushangiliwa na vijana, na vijana hao wakianza kuota mvi huambiwa kuwa zamani zao zimepita. Mshairi akizeeka huzidi kuheshimiwa. Mwanazuoni akizeeka hutafutwa kwa shauri. Lakini mpiga gitaa la umeme akifika miaka arobaini hutazamwa kama mtu aliyesahau kurudi nyumbani baada ya sherehe kwisha.

Kwa sababu hiyo, habari za bendi ya Kiingereza iitwayo Judas Priest zastahili kufikiriwa hata na wasomi wasioupenda muziki wake. Mnamo Septemba 1990 bendi hiyo ilitoa santuri iitwayo Painkiller, maana yake kiua maumivu. Jina la Judas Priest lilikuwa limekwisha kutumika kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwimbaji wake, Rob Halford, alikuwa na miaka 39, na Glenn Tipton, mmoja wa wapiga gitaa wawili, alikuwa na miaka 42. Kwa desturi ya muziki wao ilitarajiwa kwamba watu wa umri huo wangepunguza kishindo, wakaimba taratibu mambo ya mapenzi na kumbukumbu. Wao walitoa kazi nzito, kali na yenye kasi kuliko zote walizopata kuzifanya. Swali lililo mbele ya mwanahistoria ni hili: uzito huo, uliokuja baada ya ujana kupita, ulitoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba wazee hao waliona vijana wanashinda, nao wakawaiga. Jibu la pili, ambalo limerudiwa mara nyingi zaidi, ni kwamba walikasirishwa na kesi kubwa waliyoshtakiwa nchini Marekani mwaka huohuo. Majibu yote mawili yana chembe ya kweli, lakini hakuna linalotosha. Ili kulipata lililo sahihi hapana budi kurudi nyuma, mpaka kwenye nchi ya chuma walikozaliwa.

Magharibi ya mji wa Birmingham, katikati ya Uingereza, liko eneo ambalo tangu karne ya kumi na tisa limeitwa Nchi Nyeusi kwa sababu ya makaa ya mawe yaliyochimbwa humo na masizi yaliyotoka katika matanuri yake. Huko minyororo, misumari, kufuli na nanga zilifuliwa na kupelekwa pande zote za dunia. Halford alikulia Walsall, na ameeleza jinsi alivyokuwa akienda shule kwa kupita kando ya viwanda vya kuyeyushia chuma, akivuta moshi wao njiani. Tipton alifanya kazi katika shirika la chuma la Uingereza kabla ya kuwa mwanamuziki. Katika mji huohuo wa Birmingham, mwaka 1965, kijana aitwaye Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, akalegeza nyuzi za gitaa lake ili aweze kuzibonyeza, na baadaye bendi yake ya Black Sabbath ikatoa sauti nene iliyohesabiwa kuwa mwanzo wa muziki uitwao hevi metali, yaani metali nzito. Basi neno hilo metali halikuwa pambo tu kwa watu wa Birmingham. Lilikuwa kazi ya baba zao.

Bendi ya kwanza yenye jina la Judas Priest iliundwa mwaka 1969, na jina lake lilitokana na wimbo wa Bob Dylan wa mwaka 1967. Wanamuziki walibadilika mara kadhaa. Mpiga gitaa K. K. Downing na mpiga besi Ian Hill waliingia mwaka 1970, Halford akafika mwaka 1973, na Tipton mwaka 1974, muda mfupi kabla ya kurekodiwa kwa santuri yao ya kwanza. Wanne hawa ndio waliokuwa nguzo za nyumba. Wapiga ngoma walikuja na kuondoka, jambo ambalo laonekana dogo, lakini litakuwa na maana kubwa mbele.

Fundi hujulikana kwa kile anachoongeza na kwa kile anachokipunguza. Wanaroki wa Uingereza wa miaka ya 1960 walijifunza kutoka kwa bluzi za Wamarekani weusi, na bendi nyingi ziliendelea kubeba mwendo wa bluzi, wenye kuyumba na kulegea. Judas Priest hawakuikana asili hiyo, ila katika miaka ya 1976 hadi 1978 walipunguza kuyumba kule hatua kwa hatua, mpaka likabaki pigo lililonyooka, lenye ncha. Waliongeza jambo jingine pia. Bendi zenye magitaa mawili kwa kawaida zilikuwa na mpigaji wa kuongoza na mwingine wa kusindikiza. Downing na Tipton waligawana kazi sawasawa: mara wakapiga pamoja kwa sauti zinazopatana, mara wakajibizana kama washairi wawili katika malumbano, kila mmoja akingoja mwenzake amalize ubeti wake.

Katika santuri ya Sin After Sin ya mwaka 1977 ngoma zilipigwa na Simon Phillips, na katika Stained Class ya mwaka 1978 zilipigwa na Les Binks. Wote wawili walikuwa na ufundi wa kutumia miguu miwili katika kupiga ngoma kubwa mbili, na wimbo unaofungua santuri hiyo ya mwaka 1978, uitwao Exciter, una kasi iliyokuwa ngeni katika siku zake. Hapo ndipo mbegu ilipopandwa.

Mbegu ile haikumwagiliwa na wenyewe. Mwaka 1979 aliingia mpiga ngoma mwingine, Dave Holland, ambaye pigo lake lilikuwa rahisi na thabiti, nazo nyimbo zikawa fupi na nyepesi kushikwa na masikio ya wengi. Santuri ya British Steel ilirekodiwa mwanzoni mwa mwaka 1980 katika jumba lililokuwa la John Lennon na kisha la Ringo Starr, wakati wafanyakazi wa shirika la chuma la Uingereza walipokuwa katika mgomo uliodumu majuma 13. Vifaa vya kuhifadhi na kuzalisha sauti kwa umeme vilikuwa bado haba, kwa hiyo wanamuziki walipotaka mlio wa chuma walitikisa visu na uma, na walipotaka mlio wa kioo walivunja chupa za maziwa. Si haki kudharau kazi ya miaka hiyo. Urahisi ule uliwafungulia mlango wa Marekani, na santuri ya Screaming for Vengeance ya mwaka 1982 iliwapa umaarufu ambao wengi wa rika lao hawakuupata. Lakini wakati wao walipokuwa wakivuna shamba moja, wengine waliokota mbegu katika shamba walilolihama.

Waokotaji hao walikuwa vijana wa Marekani. Mwaka 1981 Metallica na Slayer zilianzishwa California, na Anthrax ikaanzishwa New York. Mwaka 1983 ikafuata Megadeth. Vijana hao walisikiliza santuri za Kiingereza za miaka ya 1970 kama wanafunzi wanaorudia matini ya mwalimu. Kasi waliyoikuta katika nyimbo chache za Judas Priest waliifanya kuwa desturi ya nyimbo zote, nao mtindo wao ukaitwa thrashi. Ushahidi wa uhusiano huu haumo katika uvumi. Mwaka 1988 Slayer walirekodi upya wimbo uitwao Dissident Aggressor, ambao Judas Priest walikuwa wameutoa mwaka 1977. Mwanafunzi alikwenda kabatini kwa mwalimu, akatoa kitabu ambacho mwalimu mwenyewe hakuwa akikisoma tena, akakisoma kwa sauti mbele za watu.

Na mwalimu alikuwa wapi wakati huo? Mwaka 1986 Judas Priest walitoa Turbo, wakitumia magitaa yaliyounganishwa na sinthesaiza, ili kupata sauti laini na ya kung'aa iliyopendwa na redio za Marekani. Santuri hiyo iliuzwa huko nakala zaidi ya 1,000,000. Kwa hesabu ya duka hapakuwa na kosa. Lakini wasikilizaji wao wa zamani walisikia ndani yake sauti ya mtu anayetazama dirishani kuangalia wapita njia wanataka nini. Mwaka 1988 walikwenda mbali zaidi. Huko Paris walirekodi nyimbo tatu pamoja na Stock, Aitken na Waterman, watayarishaji wa London waliojulikana kwa nyimbo nyepesi za dansi. Walipozitafakari waliziweka ndani, wasizitoe. Katika santuri iliyotoka mwaka huo, Ram It Down, sehemu kubwa ya ngoma ilitoka katika mashine wala si katika mikono ya mtu, kwa kuwa Holland hakuwa na afya njema. Bendi iliyozaliwa katika nchi ya wahunzi ilikuwa imefika mahali ambapo hakuna tena mkono unaopiga nyundo.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutumiwa vibaya na watu wanaotaka kila jambo libaki lilivyokuwa. Haisemi kwamba mtu asisafiri wala asijifunze. Yasema kwamba mtu aliyeacha asili yake hutumikia amri ya mwingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa hali yao mwaka 1988: redio iliamuru, nao wakafuata, na hata katika kufuata hawakuwa wepesi kuliko waliozaliwa katika mtindo ule.

Mwaka 1989 Holland aliondoka. Mahali pake alichukuliwa Scott Travis, Mmarekani asiyetimia bado miaka thelathini, aliyekuwa akipiga katika bendi ya Racer X huko Los Angeles. Travis alikuwa mwenyewe mpenzi wa Judas Priest tangu ujana wake. Yaani mmoja wa wanafunzi aliitwa kuja kukaa katika baraza la walimu. Badiliko la pili lilikuwa la mtayarishaji. Tangu mwaka 1979 santuri zao zilikuwa zikitayarishwa na Tom Allom, mtu aliyewaletea mafanikio mengi. Safari hii walimwita Chris Tsangarides, ambaye alikuwa miongoni mwa mafundi wa sauti waliorekodi Sad Wings of Destiny ya mwaka 1976. Mabadiliko hayo mawili yakitazamwa pamoja yatoa maana moja: kwa mkono mmoja walimshika mtu anayejua walikotoka, kwa mkono wa pili wakamshika anayejua walichozaa.

Katika miezi ya kwanza ya mwaka 1990 walikutana Miraval, kusini mwa Ufaransa, katika studio iliyokuwa ndani ya shamba la mizabibu, iliyofunguliwa mwaka 1977 na mpiga piano Jacques Loussier. Palikuwa mahali pa utulivu, mbali na moshi wa Birmingham. Huko walirekodi nyimbo kumi, zote pamoja zikichukua dakika zipatazo 46.

Wimbo wa kwanza, wenye jina la santuri yenyewe, huanza kwa ngoma peke yake. Kwa sekunde kadhaa hakuna gitaa, hakuna besi, hakuna sauti ya mtu. Kuna miguu miwili inayopokezana juu ya ngoma mbili kubwa, na mikono inayojibu juu yake. Mpangilio huo ni tangazo. Baada ya santuri iliyotumia mashine, neno la kwanza walilomwambia msikilizaji ni kwamba hapa pana mtu. Kisha magitaa yaingia kwa pamoja, na Halford apanda mpaka kwenye kilele cha sauti yake na kukaa huko karibu wimbo wote, jambo ambalo mwimbaji wa miaka ishirini angelifikiria mara mbili kabla ya kulijaribu.

Hapa yafaa kuuliza uzito ni nini, kwani watu wengi huuchanganya na kelele. Kelele hununuliwa dukani. Kila mwenye spika kubwa anaweza kuipata kwa kugeuza kitufe. Uzito hutokana na kupatana. Wahunzi wawili wanapofua chuma kimoja, nyundo zao zikianguka ovyo huharibu kazi, bali zikianguka kwa zamu iliyo sawa, chuma hutii. Katika Painkiller kila pigo la mguu wa Travis laangukia pale hasa mkono wa Downing na wa Tipton unapokata nyuzi, na besi ya Hill imekaa chini yao bila kujionyesha. Sauti nne zinapogonga mahali pamoja kwa wakati mmoja, sikio husikia kitu kimoja kikubwa. Kuna wimbo wa saba unaoitwa Between the Hammer & the Anvil, yaani kati ya nyundo na fuawe. Jina hilo, likitoka kwa watu wa Nchi Nyeusi, lina haki kuliko mapambo yote ya ngozi na misumari waliyokuwa wakiyavaa jukwaani.

Ushahidi bora kwamba uzito si kasi ni wimbo wa nane, A Touch of Evil. Huo ni wa mwendo wa polepole, na ndani yake mna vinanda vilivyopigwa na Don Airey. Mtu angedhani kwamba bendi iliyotoka kuvikimbia vinanda vya umeme ingeviogopa kama aliyeumwa na nyoka aogopavyo unyasi. Hawakuviogopa. Vinanda vya wimbo huo vimewekwa chini ya magitaa kama jiwe la msingi, wala havikuwekwa juu yake kama rangi. Kwa hiyo kosa la mwaka 1986, kama lilikuwa kosa, halikuwa katika chombo. Lilikuwa katika nani anayekitawala mwenzake, fundi au chombo.

Sasa twende kwenye ile kesi. Tarehe 23 Desemba 1985, katika mji wa Sparks karibu na Reno, jimbo la Nevada, vijana wawili walijaribu kujiua. Mmoja alifariki siku ileile. Wa pili aliokoka akiwa na majeraha makubwa, akafariki mwaka 1988. Kabla ya tukio hilo walikuwa wakisikiliza Stained Class. Mwaka 1986 familia zao zilifungua madai dhidi ya bendi na kampuni ya santuri ya CBS, na dai lililokuja kusikilizwa lilihusu wimbo uitwao Better by You, Better than Me. Ilidaiwa kwamba chini ya sauti inayosikika mlikuwa na maneno mawili yaliyofichwa, yenye kuamuru tendo, ambayo sikio haliyatambui lakini akili huyapokea.

Kinaya cha kesi hiyo ni kwamba wimbo wenyewe haukutungwa na Judas Priest. Ni wa bendi ya Spooky Tooth ya miaka ya 1960, na uliongezwa katika santuri ya mwaka 1978 kwa matakwa ya kampuni. Kesi ilisikilizwa kuanzia Julai 1990 na Jaji Jerry Carr Whitehead, bila wazee wa baraza. Kabla yake jaji alikuwa amekwisha kuamua jambo zito la sheria: maneno yaliyofichwa chini ya utambuzi wa msikilizaji hayalindwi na katiba ya Marekani kama maneno ya kawaida yanavyolindwa, kwa kuwa msikilizaji hana nafasi ya kuyapima. Wanamuziki walikaa mahakamani kwa majuma kadhaa wamevaa suti. Halford aliimba mbele ya jaji, bila chombo chochote, ili kuonyesha kwamba kilichodhaniwa kuwa maneno kilikuwa pumzi yake akimalizia mstari. Alionyesha pia kwamba nyimbo zikipigwa kinyumenyume, sikio lenye kutafuta halikosi kupata maneno, hata ya upuuzi mtupu.

Tarehe 24 Agosti 1990 jaji alitoa hukumu. Alikubali kwamba sauti iliyodaiwa yaweza kusikika. Lakini alisema kwamba ilitokea kwa bahati, kwa kukutana pumzi ya mwimbaji na mlio wa gitaa, wala haikuwekwa kwa makusudi. Na kwamba haikuthibitishwa kuwa ndiyo iliyosababisha vifo. Madai yakaanguka, ingawa kampuni iliamriwa kulipa dola 40,000 za gharama za mawakili kwa namna ilivyoshughulikia kanda za asili zilizotakiwa na wadai.

Msomaji mwadilifu hawezi kuipita hukumu hiyo kwa shangwe. Wazazi walikuwa wamepoteza watoto, na mfiwa hutafuta sababu kama mtu wa kiu atafutavyo maji. Wala haifai kudai kwamba sanaa haina nguvu juu ya wasikilizaji. Msanii anayesema hivyo anaidharau kazi yake mwenyewe. Jambo lililoamuliwa Reno lilikuwa dogo zaidi na la haki zaidi: kwamba mtunzi aulizwe juu ya kile alichokisema, asiulizwe juu ya kile kilichosikiwa katika pumzi zake.

Na hapa ndipo jibu lile la pili linapoanguka. Imesemwa kwamba ukali wa Painkiller ni hasira ya watu waliotoka mahakamani. Tarehe zakataa. Kazi ya Miraval ilikuwa imekwisha kabla ya kiangazi, na kesi ilianza kusikilizwa Julai. Kweli, madai yalikuwa yakining'inia juu ya vichwa vyao tangu mwaka 1986, na haiwezekani kwamba hawakuyahisi. Lakini mtu aliyekusudia kumridhisha mshtaki angetoa kazi ya upole. Wao, huku wakijua kwamba wataitwa kusimama mahakamani kwa ajili ya wimbo wa zamani, walitengeneza muziki ambao kila adui wao angeweza kuutolea kidole. Hilo si tendo la hasira. Ni tendo la watu waliokwisha kuamua wao ni nani kabla ya kuulizwa na jaji.

Santuri ilipotoka mwezi Septemba ilifika nafasi ya 26 katika orodha za Uingereza na za Marekani. Haikuuzwa kama Turbo, lakini heshima iliyoipata katika miaka iliyofuata imeizidi Turbo mara nyingi. Walipozunguka Marekani mwishoni mwa mwaka huo waliwachukua Megadeth na Testament kuwa watangulizi wao jukwaani, nazo zote mbili ni bendi za thrashi. Mwalimu mwenye hofu huwaweka mbali wanafunzi waliofuzu. Wao waliwaweka mlangoni, ili kila usiku wapimwe nao.

Mwaka 1991 Painkiller iliteuliwa kushindania tuzo ya Grammy ya muziki wa metali, pamoja na kazi za Anthrax, Megadeth, Metallica na Suicidal Tendencies. Mshindi alikuwa Metallica, kwa wimbo uitwao Stone Cold Crazy, ambao nao haukuwa wao: ni wimbo wa Queen wa mwaka 1974, bendi ambayo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Basi katika mashindano hayo mwanafunzi alimshinda mwalimu kwa kutumia kitabu cha mwalimu mwingine. Ni mfano mzuri wa jinsi sanaa inavyosafiri: haifuati ukoo ulionyooka, huzunguka, hukopa, hurudi.

Atauliza mwenye shaka: je, wazee hawa hawakuwaiga vijana tu, kama walivyowaiga watu wa redio miaka minne kabla? Swali ni halali. Tofauti iko katika kitu kilichochukuliwa. Mwaka 1986 walichukua kitu kisichokuwa chao, wakakivaa. Mwaka 1990 walichukua kasi na miguu miwili ya ngoma, vitu ambavyo wao wenyewe walikuwa wamevitoa mwaka 1977 na 1978, vikakuzwa na vijana na kurudishwa vikiwa na faida. Kupokea deni lililorudi na riba si kuiga. Hata hivyo ilihitajika unyenyekevu, kwa sababu si rahisi kwa mtu aliyekwisha kuitwa bwana kukiri kwamba alichokiacha kilikuwa bora kuliko alichokishika, na kwamba waliomwonyesha hayo ni watoto.

Historia haikuwalipa kwa raha. Mwaka uliofuata upepo uligeuka. Agosti 1991 Metallica wenyewe walitoa santuri iliyopunguza kasi, ikauzwa kupita zote walizowahi kuzitoa; Septemba ikatoka Nevermind ya Nirvana, na redio zikahamia Seattle. Halford aliiacha bendi katika mwaka 1992, asirudi mpaka mwaka 2003. Ingekuwa rahisi kusema kwamba Painkiller ilikuwa mwako wa mwisho wa taa inayokwisha mafuta. Lakini miaka iliyofuata imeukanusha msemo huo. Travis, yule mwanafunzi, amebaki katika kiti chake. Mwaka 2010 Judas Priest walipata Grammy yao, na wimbo uliowapa ulikuwa Dissident Aggressor, uleule wa mwaka 1977, uliopigwa upya jukwaani. Mwaka 2018, mwaka ambao Tipton alitangaza kuwa ana ugonjwa wa Parkinson, walitoa Firepower, na mwaka 2024 wakatoa Invincible Shield. Santuri zote mbili zinashika njia iliyofunguliwa Miraval.

Basi ile methali ya wahenga yasemaje mbele ya habari hizi? Ni kweli kwamba ngoma ivumayo haidumu, ikiwa yavuma kwa nguvu ya ngozi mpya peke yake. Kila ngozi hulegea, kwa jasho, kwa unyevu na kwa kupigwa. Lakini wapiga ngoma wa kwetu hawaitupi ngoma iliyolegea, wala hawaipaki rangi. Huwasha moto wa makuti, wakaisogeza karibu, wakaigeuzageuza mpaka ngozi ikaze, kisha wakaigonga kwa kidole na kusikiliza.